Kalkuleta Iliyoingia Giza Mchana

Ndugu wasikilizaji, na nyinyi ndugu wasomaji mnaoyapata mazungumzo haya gazetini baada ya kurushwa hewani, leo naomba mniwie radhi. Wiki mbili zilizopita mfanyabiashara mmoja wa maharage wa Nkwenda, wilayani Kyerwa, alinipigia simu studio akiwa na hasira. Mzani wake wa kisasa, ule wenye kidirisha cha namba, ulikuwa juu ya meza juani tangu asubuhi. Ilipofika saa saba mchana kidirisha kikawa cheusi chote kama kimemwagiwa wino. Wateja wakasema huo ni mzani wa wizi, wakafunga magunia yao wakaenda kwa jirani. Jioni mzani ukaonyesha namba kama kawaida. Akaniuliza: "Mtangazaji, hivi vitu navyo vinalogwa?"

Nilimwahidi jibu kwa wiki ile, nami sikulitoa. Nilichelewa kwa sababu jibu lenyewe linapita nyumbani kwetu, na kabla ya kulisema hadharani ilinibidi kwanza niende kumwomba ruhusa baba yangu mzazi.

Mwaka 1992 baba alikuwa karani wa chama cha msingi kimoja huku Karagwe. Wakati ule Kyerwa ilikuwa bado ndani ya Karagwe, wilaya hizi mbili zilikuja kutengana mwaka 2012. Mimi nilikuwa darasa la tano, na siku za ununuzi wa kahawa nilikuwa napelekwa kumsaidia kushika daftari. Kwa kijana wa leo ni vigumu kueleza karani wa chama alikuwa mtu wa namna gani. Mkulima amechuma, ameanika kahawa yake ya maganda kwenye jamvi wiki tatu, ameigeuza, ameilinda dhidi ya mvua na kuku, ameibeba kichwani au kwa baiskeli, kisha ada ya shule, bati la nyumba na posa ya kijana wake vyote vinasubiri namba moja itakayotamkwa na karani. Namba hiyo zamani ilitoka kichwani na kwenye kalamu, na wazee walikuwa wanaifuata kwa macho, tarakimu kwa tarakimu. Msimu ule baba akawa na kalkuleta. Namba ikawa inatoka ndani ya kidude.

Siku hiyo ilikuwa Julai, kiangazi chenyewe, mbingu haina hata wingu la kuombea. Kalkuleta ilikuwa juu ya kifuniko cha sanduku la chuma la fedha, nje, juani. Baba alikuwa amekwisha kupiga hesabu ya mzee mmoja, akainuka kwenda kuangalia gunia lililopasuka. Aliporudi, kioo kilikuwa cheusi. Hakuna namba, hakuna alama, ni weusi mtupu. Akaitikisa. Akabonyeza. Akaichukua akaenda nayo chini ya mparachichi, akaketi, akaipepea kwa daftari. Baada ya dakika chache weusi ukaanza kukimbia kutoka pembeni kuelekea katikati, na namba ikatokea.

Ilikuwa namba ile ile. Hilo nalikumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimeshika daftari. Lakini mzee mwenye kahawa alisema siyo. "Karani," alisema mbele ya foleni nzima, "namba yangu umeificha kwanza, ukaenda kuibadili kivulini, sasa unanirudishia nyingine." Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga kelele.

Kamati ilikutana siku iyo hiyo. Magunia yote ya siku yakapimwa upya, hesabu zote zikarudiwa kwa kalamu, kazi ikaisha Jumapili jioni. Zilikuwa sawasawa hadi senti ya mwisho. Lakini nafasi ya baba ilikuwa imekwisha kupewa mtu mwingine, na kamati haikuona sababu ya kumsumbua yule mpya. Baba akarudi kwenye migomba yake. Tulipokuwa tunapita njiani watoto wenzangu walikuwa wanaimba jina ambalo sitalirudia hapa.

Sasa, kidude kile kilifanya nini? Nimetafuta jibu hili muda mrefu kuliko inavyonistahili. Stashahada yangu ni ya uandishi wa habari, wala si ya kemia, kwa hiyo wataalamu watanisahihisha nikiteleza. Ila historia yake ni nzuri, na inaanzia mbali sana na kahawa yetu.

Tangu utotoni tunafundishwa kwamba vitu vina hali tatu: yabisi, kimiminika na gesi. Na kila badiliko la hali lina joto lake maalumu. Hata hapa Karagwe kipimo hicho kina historia. Mwishoni mwa Novemba 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Bweranyange kwa mfalme Rumanyika. Miongoni mwa mizigo yake vilikuwamo vipimajoto, na msafara wake ulikuwa ukijua urefu wa nchi kutoka usawa wa bahari kwa kuchemsha maji. Kadiri unavyopanda juu, ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Pwani ni nyuzi 100, na kwenye vilima vyetu vya kama mita 1,500 ni nyuzi 95 hivi. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1858, Speke alikuwa amelipima Ziwa Victoria kwa njia iyo hiyo akapata futi 3,740, na vipimo vya leo vinaonyesha kwamba alikosea kwa futi chache tu. Ni yeye huyo aliyeandika kwamba Rumanyika alimuuliza kama jua la leo ndilo lile la jana au kila siku linakuja jipya. Wapo waliolicheka swali lile. Mimi naliona ni swali la mtu anayetaka kujua kama kitu kinachotoweka na kurudi ni kile kile, na baba yangu angelihitaji mtu kama huyo kwenye kamati.

Basi maji yana mpaka mmoja mkali: yabisi hapa, kimiminika pale. Lakini mwaka 1888, mwaka ule ule ambao Abushiri bin Salim alisimama Pangani kupambana na kampuni ya Wajerumani, mtaalamu wa mimea aitwaye Friedrich Reinitzer alikuwa mjini Prague akichunguza kolesteroli aliyoitoa kwenye karoti. Alitengeneza esta moja ya kolesteroli, akaipasha moto ili ajue inayeyuka kwa nyuzi ngapi. Ikayeyuka kwa nyuzi 145.5. Lakini kilichopatikana kilikuwa kimiminika chenye ukungu, kama maziwa yaliyochanganywa na maji. Akaendelea kupasha. Ilipofika nyuzi 178.5 ukungu ukatoweka ghafla, kikawa safi kama maji ya mvua. Akakipoza, ukungu ukarudi, na njiani zikapita rangi za buluu na zambarau. Kitu kimoja, sehemu mbili za kuyeyuka! Kwa mtu wa kemia wa zama zile hilo lilikuwa sawa na kusema mtu amezaliwa mara mbili.

Reinitzer alikuwa mwungwana. Hakujitangazia ushindi. Tarehe 14 Machi 1888 alimwandikia barua ndefu Mjerumani Otto Lehmann, aliyekuwa na hadubini yenye jiko dogo la kupashia, akamwomba atazame. Lehmann akatazama, akaona kimiminika kinachotiririka lakini kinaicheza nuru kama fuwele, yaani kama chumvi au sukari guru iliyopangika vizuri ndani yake. Akakiita fuwele zinazotiririka. Wakubwa wa sayansi wakamkatalia. Gustav Tammann, jina kubwa wakati ule, alishikilia kwamba huo ni uchafu tu, ni vitu viwili vilivyochanganyika kama mafuta na maji. Ubishi ukaenda miaka mingi. Hapo nami nacheka kidogo, kwa sababu wazee wa foleni yetu waliona weusi wakasema wizi, na maprofesa wa Ulaya waliona ukungu wakasema uchafu.

Mwaka 1922 Mfaransa Georges Friedel akamaliza maneno kwa kuzipa hali hizo majina. Alisema hizi ni hali halisi za kati, zenye mipaka yake ya joto kama barafu na maji. Ya kwanza ni nematiki, kutokana na neno la Kiyunani la uzi. Humo molekuli ni kama vijiti vinavyoelea huku vyote vimeelekea upande mmoja, mfano wa magogo yanayoteremka mtoni. Ya pili ni smektiki, kutokana na neno la sabuni, ambapo vijiti vimejipanga pia kwa tabaka. Mama aliyesahau kipande cha sabuni kwenye sahani yenye maji anaufahamu ule mlenda unaobaki chini. Ule si yabisi wala si maji, na ni ndugu wa jambo hili. Ya tatu ni kolesteriki, ile ya Reinitzer.

Hii ya tatu ndiyo yenye mkono. Nisikilizeni hapa vizuri. Mkono wako wa kulia na wa kushoto una vidole vilevile, lakini huwezi kuvaa glavu ya kulia mkono wa kushoto. Zipo molekuli za namna hiyo, zenye kulia na kushoto, na wataalamu huziita kairali, kutokana na neno la Kiyunani la mkono. Vijiti vyenye mkono havikubali kulala sambamba kabisa. Kila tabaka linajipinda kidogo kuliko lililo chini yake, linalofuata linajipinda tena, hata unapata ngazi ya kuzunguka kama uzi wa parafujo. Mzunguko huo ukilingana na urefu wa wimbi la nuru ya kijani, kitu kinang'aa kijani. Joto likibadilika mzunguko unakaza au kulegea, na rangi inabadilika. Vile vipimajoto vya utepe vinavyobandikwa kwenye paji la uso la mtoto mwenye homa vinafanya kazi hivyo. Hakuna rangi iliyopakwa pale. Ni mpindo tu.

Wala tusidhani haya ni ya maabara peke yake. Katika misitu ya Afrika, kuanzia Afrika Magharibi hadi pande zetu za mashariki, kuna mmea uitwao Pollia condensata wenye matunda madogo ya buluu yanayometa kama chuma kilichosuguliwa. Mwaka 2012 watafiti wa Cambridge na bustani ya Kew ya London walieleza siri yake: buluu ile haina rangi ndani yake. Kuta za chembe zake zina nyuzi za selulosi zilizopangwa kwa tabaka zinazojipinda, ngazi ile ile ya kolesteriki, ila imeganda. Na ajabu zaidi, katika tunda moja chembe hii imejipinda kulia na jirani yake kushoto. Tunda walilochunguza lilichumwa Ghana mwaka 1974, nalo lilikuwa bado linametameta. Selulosi ni polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, ile ile iliyomo kwenye pamba, kwenye katani na kwenye karatasi ya gazeti unalolishika.

Narudi kwenye kalkuleta. Mwishoni mwa miaka ya 1960 George Heilmeier na wenzake wa kampuni ya RCA huko Marekani walionyesha kwamba umeme kidogo unaweza kuamuru fuwele hizi zipitishe au zizuie nuru. Mwaka 1970 Schadt na Helfrich wa Uswisi walibuni mtindo wa kupinda robo mzunguko, ambao ndio uliofika mezani kwa baba. Mwaka 1973 George Gray na wenzake wa Hull, Uingereza, wakapata molekuli imara zinazokaa katika hali ya kati kwenye joto la kawaida la chumbani, bila jiko. Mwaka huo huo Wajapani wakatoa kalkuleta na saa za namna hiyo, na kidogo kidogo zikatufikia.

Mtindo wenyewe ni huu. Chukulia nuru ni ubao mrefu unaoupitisha kwenye ua wa nguzo wima: ubao ukisimama wima unapita. Nyuma ya ua huo kuna ua wa pili, nguzo zake zimelazwa. Ubao uliopita wa kwanza utakwama kwenye wa pili, na nyuma kutakuwa giza. Sasa katikati ya nyua hizo weka kimiminika chenye mpindo wa robo mzunguko: ubao unashikwa, unageuzwa polepole, unafika ua wa pili umelala, unapita. Kioo kinakuwa cheupe. Ukitaka kuandika namba, unapeleka umeme mahali pa namba tu, vijiti vya pale vinasimama, mpindo unakatika, nuru inakwama, unaona mstari mweusi. Na ili mpindo wote uende upande mmoja, kulia au kushoto, bila kubishana, mafundi hutia ndani yake chembe ya molekuli zenye mkono.

Umeme huo hupita wapi nao kioo kinaonekana kitupu? Hupita kwenye utando mwembamba ajabu wa oksidi ya madini ya indi iliyochanganywa na bati kwa kiasi cha sehemu moja katika kumi. Bati, ndugu zangu, ndilo lile linalochimbwa Kyerwa tangu enzi ya Mwingereza, na ndilo lililokipa kijiji kizima jina la Sindiketi! Sehemu kubwa ya bati la dunia huishia kwenye risasi ya kulehemea mitambo ya umeme, lakini kila kioo cha namna hii kina chembe yake. Mchimbaji wa Kaisho anayeosha mchanga wa kasiteriti mtoni huenda hajaambiwa kwamba simu iliyo mfukoni mwake haiwezi kuonyesha jina la anayepiga bila kitu cha aina hiyo.

Na jua? Kila hali ya kati ina mpaka wake wa juu, ule wa nyuzi 178.5 wa Reinitzer. Mchanganyiko wa vioo vya kawaida vya zamani mpaka wake ulikuwa nyuzi 60 hivi. Weka kidude cheusi juu ya chuma, kiangazi, saa saba, na nyuzi 60 si mbali. Hapo vijiti vinavunja mstari vyote kwa pamoja, kila kimoja na njia yake. Mpindo unatoweka kila mahali, hakuna wa kuugeuza ubao, na kioo chote kinaingia giza. Ndani yake hesabu haijaguswa: ubongo wa kalkuleta unaendelea kuishika namba ile ile, ila dirisha limefungwa. Ukipoza, vijiti vinajipanga upya, weusi unaanza kukimbia pembeni panapopoa kwanza, namba inatokea. Hicho ndicho baba alichokiona chini ya mparachichi. Hicho ndicho kilichompata ndugu yetu wa Nkwenda, na dawa yake ni mwavuli.

Sasa naomba dakika chache niwafikishe pale sayansi hii ilipokwenda baadaye, maana pana jambo la kwetu kabisa. Wataalamu walitaka kuvifunga vijiti hivyo kwenye polima, ili wapate kitu kinachojipanga kama fuwele lakini kinaweza kuvutwa kuwa utando au uzi. Walishindwa kwa muda. Mnyororo wa polima kwa tabia yake hujikunjakunja ovyo, na vijiti vikifungwa moja kwa moja kwenye mnyororo vinaburutwa na fujo hiyo. Mwaka 1978 Finkelmann na Ringsdorf na wenzao wa chuo kikuu cha Mainz, Ujerumani, walipendekeza kuweka kiungo laini kati ya mnyororo na kijiti. Mjini Moscow akina Shibaev na Platé walikuwa wakiifuata njia hiyo hiyo.

Mimi mtu wa Kagera sihitaji picha nyingine. Tazama mkungu wa ndizi. Katikati kuna mti wa mkungu, ndio mnyororo. Pembeni kuna vidole, ndivyo vijiti. Na kati ya kidole na mti kuna kikonyo. Bila kikonyo vidole visingejipanga. Na ukiutazama mkungu vizuri, vichane vyake havikupangwa mstari mmoja, vinazunguka mti kwa mpindo. Polima hizi zinaitwa za matawi ya pembeni, na kikonyo chake ndicho kinachoamua mambo mengi: kikiwa kifupi, mti na vidole vinagombana, kikirefuka, vijiti vinapata uhuru wa kujipanga hata kwa tabaka. Mti nao una sauti. Mti mgumu unaganda kwenye joto la juu, mti laini unabaki unacheza hata kwenye baridi. Mnyororo ukirefuka, mpaka wa juu wa hali ya kati unapanda, kisha unafika mahali unatulia.

Ukitumia vijiti vyenye mkono kwenye mkungu huo, unapata msururu wa mabadiliko. Kutoka juu kwenye kimiminika safi, unapoza, inakuja hali ya mpindo na rangi zake. Unapoza zaidi, vijiti vinajipanga kwa tabaka. Zaidi tena, vinainama ndani ya tabaka, na kila tabaka linainama upande tofauti kidogo na la jirani. Mwaka 1975 Mmarekani Robert Meyer alikuwa ameonyesha, akiwa na Wafaransa wa Orsay, kwamba vijiti vyenye mkono vikiinama hivyo vinazaa umeme wa kudumu ndani ya tabaka. Mwaka 1984 watu wa Moscow wakaupata umeme huo kwenye polima za matawi. Kasoro yake ni uvivu. Kila kijiti kinavuta mti mzima, na mti unavuta wenzake.

Lakini uvivu huo una faida, nami ndiyo inayonivutia. Rangi za Reinitzer zilipotea kitu kilipoganda, kwa sababu fuwele za kawaida zilivunja mpindo. Polima haina haraka ya kutengeneza fuwele. Inapozwa, inakuwa nzito, nzito zaidi, halafu inaganda kama kioo ikiwa na mpindo wake na rangi yake vilevile, kama ile buluu ya tunda la msituni. Ukiipasha hadi mpaka wake, inasahau. Ukiipoza, inashika tena chochote kilichokuwapo wakati huo. Watu wakafikiria kuweka kumbukumbu ndani yake kwa mwanga wa leza. Wengine wakaifunga minyororo pamoja ikawa mpira unaojikunja ukipita mpaka wa joto, kama msuli.

Na nisisahau: mwaka 1996 Wajapani wa Tokyo walieleza molekuli zilizopinda katikati ambazo zenyewe hazina mkono, lakini zikijipanga kwa tabaka zinajitengenezea mkono. Dunia nzima ya kemia inaziita molekuli za ndizi. Hali zake zimepewa herufi B, ya ndizi kwa Kiingereza. Nilipolisoma hilo nililisoma mara mbili, kisha nikampigia simu baba.

Baba sasa ni mzee wa makamo ya juu, anatembea kwa fimbo. Nilipokwenda kumwomba ruhusa nilichukua kalkuleta ya zamani niliyoinunua kwa fundi wa redio pale Kayanga. Nikamwomba aketi uani. Nikapiga hesabu moja, nikaiweka juu ya karai la chuma juani, tukangoja. Ikaanza kufifia, ikawa nyeusi. Nikaipeleka kivulini, ikarudi. Baba akaniamuru niiweke tena. Tulifanya hivyo mara tatu bila yeye kusema neno. Kisha akauliza: "Wale wazee wa siku ile, nani yupo?"

Nikamwambia wamebaki wachache, na yule mwenye kahawa ni mmojawapo. Akaniambia nimletee koti.

Tulikwenda kwa pikipiki mbili, yeye ameishika kalkuleta mwenyewe. Yule mzee macho yamekwisha, haoni tena kitu kidogo kama tarakimu. Tulisalimiana kwa urefu, mvua, migomba, ugonjwa wa mnyauko, habari za marehemu. Baba hakueleza fuwele wala nyuzijoto. Alimwita mjukuu wa nyumba ile, msichana wa sekondari, akamwambia: "Mjukuu wangu, msomee babu yako unachokiona." Msichana akasoma namba kwa sauti. Tukaweka kidude juani juu ya sufuria iliyofunikwa. Akasema inafifia. Akasema imekuwa nyeusi yote, babu, haina kitu. Tukakipeleka kivulini. Akasema nyeusi inakimbia pembeni. Akasema namba imerudi, akaisoma.

"Ni ile ile?" mzee akauliza.

"Ile ile, babu."

Akataka iwekwe tena. Msichana akaiweka, akasoma tena, ikaja ile ile. Mzee akakaa kimya muda mrefu, mkono wake ukitafuta ukingo wa kiti. Halafu akamwita mkwe wake aliyekuwa jikoni, akamwambia alete kahawa ya kutafuna, ile ya wageni, na ailete kwenye kikapu chake kile kidogo. Ilipoletwa aliinyoosha mbele yake, mahali aliposikia sauti ya baba. Baba akachukua punje mbili, moja akaniwekea mimi kiganjani.